Huyo Wenti ni Mtoto wa Nani?

Nina ugomvi na kitenzi. Sisemi vitenzi vyote vya Kiingereza; vingi ni vistaarabu, unakibandika "ed" mgongoni, kimeshapita, mnaagana. Ugomvi wangu ni na kimoja tu, kile cha kwenda, na nimeamua kuuanika gazetini kwa sababu nyumbani kwangu hapa Mandewa, Singida, hakuna tena wa kumlalamikia. Wote wanakariri.

Binti yangu ameingia kidato cha kwanza. Mwenye mtoto wa kidato cha kwanza hahitaji maelezo, wengine nitawaeleza. Kwa miaka saba mtoto amefundishwa desimali kwa Kiswahili, amefundishwa mmeng'enyo wa chakula kwa Kiswahili, amegombezwa kwa Kiswahili. Halafu Januari inafika, anabadilishiwa sketi, anaambiwa kuanzia leo hata chakula kinameng'enywa kwa Kiingereza. Ili asizimie, wiki za mwanzo anapewa masomo ya kumzoesha lugha, na masomo hayo, kila ninapouliza, huishia kwenye kurasa za nyuma za daftari: safu tatu zilizopigwa kwa rula, moja ya wakati uliopo, moja ya wakati uliopita, na ile ya tatu ambayo hakuna mzazi anayejua kazi yake. Mtoto anaziimba kuanzia magharibi mpaka ugali uive. Go, went, gone. Do, did, done. See, saw, seen. Wadogo zake, ambao bado wako shule ya msingi na hakuna aliyewauliza, wanaitikia.

Bibi yao, yaani mama yangu mzazi, alinyonya Kinyaturu, Kiswahili akakipokea ukubwani, na Kiingereza amekikataa mpaka leo. Alikuwa uani anapepeta uwele. Akasikiliza ile kwaya, akasikiliza tena, akaweka ungo chini.

"Goni nimemsikia," akasema, "atakuwa Mngoni wa huko Songea. Lakini huyo Wenti ni mtoto wa nani?"

Watoto walianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Bibi alikuwa ameuliza swali ambalo walimu wangu wote enzi zangu walilijibu kwa fimbo.

Basi nikaanza kuutafuta ukoo wa Wenti. Ndiyo tabia yangu: mtu wa kawaida akiudhiwa hulala, mimi hufungua vitabu. Na ukoo wenyewe ni wa aibu. Zamani sana, Waingereza walipokuwa wakizungumza kile Kiingereza chao cha kale ambacho leo wenyewe hawakielewi bila mkalimani, "go" alikuwa na wakati uliopita wake, "eode". Halitazamiki, nakubali, lakini lilikuwa lake halali. Pembeni kulikuwa na kitenzi kingine kabisa, "wend", chenye maana ya kugeuka, ya kushika njia. Huyo ndiye aliyekuwa na "went". Miaka ikasogea, "eode" ikachakaa, na kufikia mwisho wa karne ya 15 "go" akawa hana wakati uliopita wa kuvaa. Akaingia kwa jirani, akaivaa "went", akatoka nayo mchana kweupe, na mpaka leo hajairudisha. "Wend" ilibidi ashonewe "wended" mpya, na siku hizi hali yake si nzuri. Haonekani ila kwenye misemo miwili mitatu ya kizee.

Nililieleza jambo hili kijiweni, pale tunapokunywa kahawa jirani na soko la vitunguu, Misuna. Mzee mmoja akakigonga kikombe mezani.

"Wend! Si hiyo hiyo kwenda yetu? Dhahabu ya Sekenke walichukua, sasa na vitenzi!"

Kijiwe kizima kikamuunga mkono. Hata mimi ningependa, ila tarehe zinakataa. Mwingereza James Lancaster alitia nanga Unguja mwaka 1591, na wakati huo wenzake kule kwao walikuwa wameshapokonyana hiyo "went" karne nzima nyuma. Mzee akaniambia nisilete tarehe kwenye mambo ya haki.

Mtu angedhani aliyeiba mara moja ataridhika. Hapana. Nimemwajiri mwalimu wa tuisheni, kijana mhitimu wa ualimu anayesubiri ajira, mpole, anakuja jioni na baiskeli. Siku moja akampa binti kazi ya kutunga sentensi. Binti akaandika kwamba shangazi yake "has gone to Dodoma". Shangazi mwenyewe alikuwa ameketi sebuleni anatafuna karanga, amerudi na basi la asubuhi.

"Hapana," mwalimu akasema. "Kama shangazi hajarudi, ni gone. Kama amekwenda na akarudi, ni been. Shangazi has been to Dodoma."

Nikaweka chini redio niliyokuwa naifungua betri.

"Mwalimu, samahani. Hiyo been si ni ya kitenzi cha kuwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Imefuata nini kwenye kwenda?"

Akafikiri. Ni kijana mwaminifu, hakujaribu kunidanganya. "Mzee," akasema, "ndiyo Kiingereza."

Kauli hiyo nailipia kila mwisho wa mwezi. Na hebu angalieni alikokwenda kukopa. Kitenzi cha kuwa chenyewe ni fukara: am, is, are, was, been, vipande vilivyookotwa kwenye angalau mizizi mitatu isiyojuana. Ndipo "go" alipoona pa kuazima.

Halafu kuna ile "s". Mimi nikienda, bure. Wewe ukienda, bure. Sisi, ninyi, wao, wote mnapita. Akienda yeye peke yake, anatozwa "s" mlangoni. Ushuru wa namna hiyo hata mageti ya mazao hayajaufikiria. Zamani kila mtu alikuwa na mkia wake kwenye kitenzi. "Wewe" wa kale, yule "thou", alikuwa na "goest", na "yeye" alikuwa na "goeth". Mikia yote ikakatika mmoja baada ya mwingine, ikabaki hii "s" iliyoteremka kutoka kaskazini mwa nchi yao, nayo ndiyo inayowatoa jasho watoto wa Ikungi na Mkalama.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Norfolk. Ni wilaya ya mashariki mwa Uingereza, tambarare, ya wakulima, upepo haukosekani. Huko watu wa lahaja ya asili husema "he go", bila "s" yoyote. Hawakukosea, ndivyo walivyopokea kwa wazazi wao. Peter Trudgill, mtaalamu wa isimu aliyezaliwa huko huko, kwenye mji wa Norwich, amewachunguza tangu miaka ya 1970 na kuwaandikia vitabu. Mzee wa Norfolk akisema "he go" anawekewa kinasa sauti na kuombwa arudie. Mtoto wa Ikungi akiandika "he go" anakatwa alama na kuambiwa asirudie. Nimelitazama kosa lao kila upande, na tofauti ninayoiona ni anwani tu.

Nikamuuliza mwalimu kama siku ya mtihani binti anaweza kuandika juu ya karatasi kwamba ni wa Norfolk kwa upande wa mama. Akasema Baraza la Mitihani halina kisanduku hicho.

Sasa, kwa nini hawakinyooshi? Taifa lililoweza kujenga reli nusu ya dunia linashindwaje na kitenzi kimoja? Jibu nililipata, na lilinikosesha usingizi. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walichapisha kwenye jarida la Nature hesabu ya vitenzi vilivyopinda vya Kiingereza. Walikusanya 177 vya Kiingereza cha kale. Kufikia Kiingereza cha enzi za kati vikawa vimebaki 145. Leo ni 98. Vingine vyote vimenyooka, vikavaa "ed" na kutulia. Hata "help" hapo zamani wakati wake uliopita ulikuwa "holp", na Shakespeare alikuwa bado anautumia. Ila havikunyooka kwa zamu ya haki. Kitenzi kinachotajwa mara chache hunyooka upesi, kwa sababu watu husahau kilivyokuwa kimepinda, wakakibandika "ed" wakaendelea na safari. Kinachotajwa kila saa hakinyooki, maana mtoto anakisikia kimepinda kabla hajapata akili ya kushangaa. Wakapiga hesabu kabisa: kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu hunyooka mara 10 haraka zaidi. Ndiyo maana vile 10 vinavyotumika kuliko vyote kwenye Kiingereza, kuwa, kuwa na, kufanya, kusema, kwenda na ndugu zao, vyote vimepinda, hakuna hata kimoja kilichosalimika.

Maana yake dawa ni moja, tuache kukitumia. Dunia nzima ikikubali kukaa bila kwenda popote kwa miaka elfu kadhaa, vitukuu vyetu wataandika "goed" na kupewa vema. Mwaka 2020 dunia ilijaribu kidogo kukaa ndani, lakini muda ulikuwa mfupi, na sisi hatukushiriki.

Kuna jirani yangu anayeshikilia kwamba tatizo si kitenzi, ni sera. Kila nikilalamika ananikumbusha Tume ya Makweta, ambayo mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Mwaka 1985 ulikuja, ukapita, haukupunga hata mkono. Ikaja Sera ya Elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, nayo ikasema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Jirani alisherehekea. Mimi niliishika ile "ta". Wataalamu wanasema "ta" yetu imetokana na "taka", na ajabu ni kwamba "will" ya Waingereza nayo ilianza ikiwa ni kutaka. Lugha mbili zisizo na undugu zimekubaliana kwamba kesho ni jambo la kutaka tu, na hakuna wizara inayoweza kushtakiwa kwa kutaka.

Inasimuliwa kuwa Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, aliwahi kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Kwa heshima zote za Baba wa Taifa, Kiswahili cha dunia kingekuwa na "li".

Wiki moja mwalimu wa tuisheni alikuwa amefika kwenye sura ya masharti, ile ya "if", na hapo ndipo nilipotaka kumrudishia baiskeli yake. Ukitaka kusema kesho ukienda utamkuta mtu, sawa, "if I go". Lakini ukiwa na wasiwasi kidogo kuhusu hiyo kesho, unasema "if I went". Went! Ile ile ya wizi, ya wakati uliopita, sasa inapelekwa kesho. Na kama ni jambo la jana lililokwisha kuharibika, went haitoshi, unarudi nyuma hatua nyingine, "if I had gone, I would have found him", vitenzi vitano vinasukumana kwenye mlango mmoja. Binti akaanza kulia. Shangazi akapendekeza apewe panadoli.

Hapo nikaingilia kati, maana sura hii watu wa Singida hatufundishwi. Mkoa huu ndio kwao na alizeti, na alizeti haina wakati uliopo wala ujao. Alizeti ina majuto. Nenda kwenye mashine yoyote ya kukamua mafuta ukakae kwenye gunia, usikilize. Aliyeuza mwanzo wa mavuno, bei ikapanda: ningalisubiri. Aliyesubiri, bei ikashuka: ningaliuza. Aliyelima vitunguu badala yake: ningalilima alizeti. Vitabu vinataka "nge" kwa jambo ambalo bado lina matumaini na "ngali" kwa lililokwisha kufa, na wasanifu wanaumia wakisikia mitaani sote tunaweka "nge" kila mahali. Mimi nipo na mitaa. Mtu aliyeuza gunia kwa hasara usimsimamishe umuulize matumaini yake yamefikia umbo gani.

Binti akaelewa palepale. Akafuta machozi, akaandika kwa Kiingereza kwamba kama baba yake angaliuza mapema, wangalinunua televisheni. Mwalimu akasema sentensi ni safi kabisa. Sikuona ulazima wa mfano ule.

Nilidhani masharti ndiyo mwisho wa bonde, kumbe kulikuwa na korongo. Mwalimu akaandika ubaoni, ubao wenyewe ni mlango wa stoo, sentensi ya mkuu wa shule anayesisitiza mwanafunzi aende nyumbani: "The headmaster insists that he go." Binti, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amepigwa kwa ajili ya "s", akanyoosha mkono.

"Sir, umesahau s."

"Hapa haiwekwi."

"Yeye amesamehewa?"

"Hii ni hali ya kutaka jambo litendeke. Hapo kitenzi hakichukui s."

Nikakohoa. "Mwalimu, hiyo si ndiyo Norfolk?"

"Hapana mzee," akasema kwa upole uliochoka. "Hiki ni Kiingereza cha juu kabisa. Cha mikataba na bunge."

Kwa hiyo "he go" ukiisema shambani Norfolk wewe ni mshamba, ukiisema Ikungi umefeli, ukiisema kwenye mkataba wewe ni wakili. Nililala mapema siku hiyo.

Kwa muda nilitembea na kiburi. Nilipokutana na watu njiani niliwanyambulia kitenzi bila kuombwa: nilikwenda, ulikwenda, alikwenda, tulikwenda, mlikwenda, walikwenda. Hakuna aliyetozwa, hakuna aliyeazima. Kiburi kilidumu mpaka jirani yetu alipopata mpangaji, binti wa Kijerumani, muuguzi wa kujitolea, ambaye anajifunza Kiswahili kwa daftari lenye safu tatu zilizopigwa kwa rula. Nilipoziona zile safu nilijua nimekwisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, samahani. Anakwenda. Lakini: haendi. Ile ku imekwenda wapi?"

Nikamwambia ku huwa inajitoa. Akaandika. Akauliza kwa nini anasikia "ameenda" sokoni na "amekwenda" redioni, na yupi yuko sahihi. Nikamwambia wote. Akaandika, ila kwa shingo upande. Akauliza, akitaka kumwamuru mtu aende, kwa nini si "enda" bali "nenda", na hiyo "n" imetoka kwa nani. Na akitaka aje, kwa nini si "ja" bali "njoo", ambayo haifanani na kitu chochote. Nikaikumbuka ile hesabu ya Harvard, nikaona vizuri kilichotokea: ni maneno mawili yanayopigiwa kelele kila nyumba kuanzia alfajiri, nani angeyanyoosha? Lakini sikumwambia, nilikuwa bado nawaza namna ya kutoroka.

"Na huenda," akasema. "Bibi amesema, huenda sokoni Jumamosi. Ni kila Jumamosi, au ni labda?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Uso wa Bibi."

Akaandika. Kisha akafungua ukurasa aliokuwa ameuwekea alama ya mviringo mwekundu. "Watu wanasema, amekwenda zake. Baba, zake nini?"

Swali hilo nililipeleka kijiweni, maana lilinizidi kimo. Wazee waligawanyika. Wengine wakasema njia zake. Wengine wakasema shughuli zake. Yule mzee wa dhahabu akasema mtu akishakwenda zake, kuulizia zake ni kumfuatafuata. Nikarudi kwa yule binti, nikamtazama machoni, nikasema kwa sauti ya mwalimu wa tuisheni: "Mwanangu, ndiyo Kiswahili."

Na hapo alikuwa bado hajafika stendi. Maana huko kwenye maumbo tunaweza kujitetea. Kinachotushinda ni maana. Kiingereza kimepindisha maneno yake yote lakini kikikwambia "the bus is leaving", basi linaondoka. Sisi maneno yamenyooka, ila asifanye mtu kosa la kuyaamini. Siku alipokwenda Dodoma nilimsindikiza mpaka Misuna. Mpiga debe akamchukua begi: tunaondoka, dada, tunaondoka, panda. Basi likanguruma, likasogea mbele hatua mbili, wote waliokuwa wananunua karanga wakakimbia kupanda, likarudi nyuma hatua mbili. Tunaondoka. Likasogea tena. Binti wa watu akatoa daftari dirishani.

"Baba, na, ni kitendo kinachoendelea?"

"Ndiyo."

"Kinaendelea?"

"Kwa dereva kinaendelea. Moyoni."

Ipo pia ile "nakuja" ya mhudumu wa mgahawa, anayeitamka huku akikupa kisogo na kuondoka. Ipo "nipo njiani" ya mtu ambaye nyuma yake unasikia maji ya kuoga. Ipo "gari limeshaondoka", inayosemwa kukuharakisha, na gari lipo. Mjerumani alizijaza kurasa mbili kabla basi halijatoka, na kurasa mbili za mwandiko mdogo huchukua muda, jambo linalokupa picha ya saa ya kuondoka.

Lakini bingwa wa nyakati zote ni fundi bomba. Mwezi uliopita bomba la jikoni kwangu lilipasuka kwenye kiungo. Nikampigia fundi, akaja akatazama, akatikisa kichwa, akachukua advansi ya kununulia vifaa, akaenda dukani. Jioni nikampigia. "Nakuja, bosi." Asubuhi nikampigia. "Natoka hapa." Mchana: "Nimefika, nipo hapo kona." Nikatoka mpaka kona, kulikuwa na mbuzi. Jioni ya pili simu ikapokelewa kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Bosi, nilikuja, nikagonga sana, sikukuta mtu, nikarudi." Nyumbani siku nzima alikuwepo Bibi, watoto na ndoo saba za kukingia maji.

Mwalimu wa tuisheni alifika akakuta tumeketi miguu juu ya viti. Akampa binti zoezi la kutunga sentensi za kwenda zinazohusu mambo halisi ya nyumbani. Binti akaandika ya kwanza kuhusu maji, kwamba "went" mpaka sebuleni. Akaandika ya pili kuhusu shangazi, ambaye safari hii kweli alikuwa Dodoma, akatumia "gone", akapewa vema. Ya tatu ilikuwa ya fundi, na hapo kalamu ikasimama.

"Sir, fundi ni gone au been?"

"Amekwenda akarudi, au hajarudi?"

"Anasema alikuja, akarudi."

"Alikuja hapa?"

"Anasema. Hakuna aliyemwona."

Mwalimu akakuna kidevu. Akatazama dari, akatazama ndoo, akanitazama mimi.

"Mzee, advansi alishachukua?"

"Alishachukua."

"Basi andika gone," akamwambia binti.